Mguu wa Eben Torrance

Lachlan Imrie alipoondoka kijiji chao cha Auchenbrae kwenda Uingereza kucheza mpira wa kulipwa, alikuwa na miaka ishirini na mabega yaliyokomazwa na mgodi wa makaa. Timu ya Marbeck ilimtaka kwa jambo moja: hapitiki. Winga akija, Lachlan aliondoka na mpira, na ikibidi na mwenye mpira. Mashabiki wakambatiza Nyundo. Mkewe, Netta, hakulipenda jina hilo.

"Nyundo haichagui inachopiga, Lachie," alimwambia.

Januari 1951, mechi ya Kombe iliwakutanisha na Stanforth, na winga wa Stanforth alikuwa Eben Torrance. Hao wawili walikulia safu moja ya nyumba za mgodi. Baba yake Lachlan alipofukiwa na mwamba, mama yake Eben ndiye aliyemlisha mwaka mzima.

Kabla ya mechi walikutana mlangoni mwa vyumba vya kuvalia.

"We bado unakimbia kama ng'ombe mwenye mimba?" Eben akamtania. "Leo utaisoma namba ya mgongo wangu mpaka uikariri."

"Thubutu! Utaisomea hospitali."

Wakacheka, wakapigana makonzi kama zamani.

Eben hakuwa akitania. Hadi mapumziko alikuwa amempita mara sita na kufunga bao. Meneja, Bwana Stott, akamwinamia Lachlan na kusema taratibu, "Mwenzako anakuchezesha kama mwanasesere, Imrie. Sitaki kumwona akimaliza mechi. Timu ya akiba imejaa watu wanaoitamani jezi yako."

Dakika kumi baadaye Eben alikuja tena, akikata matope. Mpira ukamtangulia kidogo. Lachlan aliuona, na alijua anaufikia. Aliuona na mguu pia. Akauendea mguu.

Mfupa ulilia kama ukuni mkavu ukivunjika. Refa alitoa faulo, basi. Marbeck wakashinda, na Bwana Stott akampigapiga begani. "Kazi safi." Lachlan akaligeukia beseni la kunawia, akanawa matope mikononi.

Jumatatu alikwenda hospitali. Mguu wa Eben ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mawe ya mizani.

"Niambie kweli, Lachie. Uliuendea mpira?"

"Mpira, ndugu yangu. Niliteleza tu. Si uliyaona yale matope?"

"Haya. Nitamwambia mama hivyo."

Mguu uliunga vibaya. Eben alirudi Auchenbrae, akapewa kazi ya kugawa taa kwa wachimbaji wanaoshuka mgodini. Lachlan naye akaharibika kwa namna yake. Kila winga alipomjia, goti lake lilisita lenyewe, naye akabaki amesimama kama mlingoti. "Nyundo imekuwa mto!" walimzomea jukwaani. "Mpelekeni akalaliwe!" Wakamwuza kwa timu ya daraja la chini, nayo ikamwacha kabla hajatimiza miaka ishirini na tisa. Akapata kazi kiwanda cha sabuni.

Kiangazi cha 1956 alimpeleka Netta kwao Auchenbrae. Mama Torrance aliwakaribisha chai na mkate wa shayiri, akamshika Lachlan mkono. "Mwanangu, sijakushukuru kwa kwenda kumwona hospitali. Eben alinieleza ulivyoteleza. Usijisumbue moyo, ni Mungu."

Lachlan aliacha chai palepale. Akatoka, akateremka hadi mgodini, akamkuta Eben dirishani akipangusa taa.

"Sikuteleza," akasema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa na ule mguu, bwana. Nilijua kabla sijaanguka. Nilikungoja hospitali uniambie, ukaniletea habari za matope."

"Nikamwambie mama yako?"

"Ukimwambia nitakuvunja shingo. Anakupenda kama mwanawe, na mtoto mwingine mzima hana. Mwachie." Eben akaichukua taa nyingine. "Ila mimi usinijie tena, Lachie. Sina hasira. Nimechoka tu kukutazama."

Njiani kurudi Netta aliuliza mara moja, akaona uso wa mumewe, hakuuliza tena.

Kila Krismasi Lachlan alimwandikia Mama Torrance, naye alijibu kwa mwandiko wake mkubwa wa kutetemeka. Kila barua iliishia kwa maneno yaleyale: Eben anakusalimu sana. Lachlan alijua ni yeye mama aliyeyaongeza. Aliyasoma hata hivyo, mara mbili, tatu, kisha akaikunja barua.