Jinsi Matabishi Yalivyopata Msimbo Wake

Siku yangu ya kwanza kazini Kamina nilivaa sketi niliyoipiga pasi mara mbili, nikaweka diploma yangu ya informatiki ya usimamizi, yaani kompyuta kwa kazi za ofisi, ndani ya bahasha ya plastiki, nikaingia ofisini na kukuta hakuna umeme. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake kulikuwa na birika la chai.

Nilikuwa nimerudi kutoka Ndola, ng'ambo ya mpaka, ambako nilifanya kazi miaka saba katika duka kubwa. Hakuna mjomba aliyenilipia masomo wala mtu aliyeniandikia barua ya kuniombea kazi. Nasema haya ili kijana anayesoma ajue kwamba inawezekana.

Mwenye kampuni tulimwita Hadji. Wazee wake walitoka Maniema wakifanya biashara, naye alikuza urithi huo hadi kuwa na depo mbili: ya Kamina, karibu na stesheni, na ya Bukama, kando ya Lualaba. Bukama iliuza chumvi kwa wavuvi na wake zao, ikanunua samaki wakavu, ikawapakia kwenye treni. Kamina ilipokea samaki hao na kuwauzia familia za Base, kambi kubwa ya jeshi, na wafanyabiashara wa mbali. Kila depo ilikuwa na madaftari yake, na hakuna iliyowahi kusoma madaftari ya mwenzake.

"Binti," Hadji aliniambia, "weye unaniletea mashini ao unaniletea hotuba?"

"Hadji, mashini itakuja mwisho. Kwanza tusafishe nyumba."

"Nyumba yangu iko na uchafu?"

"Iko na majina matano ya sabuni moja."

Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Kuanzia siku hiyo aliniita Mademoiselle Diplome, nami sikukataa jina hilo.

Hadji alitaka mfumo jumuishi, yaani programu moja inayounganisha ununuzi, ghala, usafirishaji na mauzo, ili kinachoandikwa Bukama kionekane Kamina. Leo vijana wanadhani kazi hiyo huanza siku ya kuwasha. Sivyo. Mashine haijui kukisia. Lazima kila bidhaa iwe na jina moja, msimbo mmoja, yaani namba yake isiyotumiwa na bidhaa nyingine, na kipimo kimoja. Niliandika orodha kuu ya bidhaa kwa mkono, kwenye fishi, vile vikadi vigumu vinavyoning'inizwa kwenye rafu za ghala. Samaki wakavu, walionunuliwa Bukama kwa kitunga, niliwaandikia kilo za kitunga kilichojaa mpaka ukingoni tu, na Kamina wakapimwa kwa mizani. Kwa chumvi, iliyouzwa kwa beseni, niliamuru kwamba gunia moja ni mabeseni ishirini. Nilipima mwenyewe, nikifuta juu ya beseni kwa kijiti ili liwe sawasawa.

Hapo ndipo nilipokosea, nami nasema waziwazi, kwa sababu mtu aliyefanya kazi nyingi nzuri haogopi kutaja moja mbaya.

Vita vilikuwa vimefika kwenye mto. Waasi walikuwa kule mto unakoteremkia, upande wa kaskazini. Wanajeshi walikataza chumvi na mafuta kushushwa na mitumbwi kwenda huko. Treni zilikuja zilipotaka. Katika hali hiyo nilifunga hesabu ya majaribio ya miezi mitatu: stoku ya karatasi upande huu, stoku ya ghalani upande ule. Bukama, chumvi iliyotoka ilikuwa magunia mia moja na kumi. Kwa mabeseni yaliyoandikwa kuwa yameuzwa, ilipaswa kuwa tisini na tisa. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: *Pungufu, magunia kumi na moja. Mhusika: mtunza ghala wa Bukama.* Nikatia sahihi kubwa.

Mtunza ghala huyo alikuwa Papa Banza, shemasi wa Kimetodisti. Alikuwa ameshika funguo za depo tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

Karatasi yangu ilisafiri haraka kuliko treni. Sijui nani aliisema. Ofisa wa usalama aliyekuwa Bukama aliisikia, na kwake magunia kumi na moja yaliyopotea yalikuwa na njia moja tu: yamevushwa kwa adui. Alimpa Papa Banza siku tatu za kueleza. Sote tulijua walikopelekwa watu walioshindwa kueleza mambo kama hayo.

Hadji hakunipigia kelele. Aliweka karatasi mezani na kusema, "Mademoiselle, huyu muzee alinibebaka mugongoni nikiwa mutoto. Kama ni mwizi, nataka kujua. Kama haiko mwizi, weye njo utamurudishia jina yake."

Nilipanda treni ya mizigo asubuhi ile, nikiwa nimekaa juu ya mbao, na madaftari ya Kamina kwenye kikapu.

Papa Banza nilimkuta mlangoni pa depo, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni. Askari mmoja alikuwa amekaa kando yake.

"Papa, niambie chumvi ilikwenda wapi."

"Weye njo uliandikaka. Soma karatasi yako."

"Papa, watakuchukua."

"Miye nilipimaka vile nilifundishwaka. Uliniuliza lini? Ulikuja na kijiti, ukapima, ukaenda."

Akageukia magunia yake. Nilikaa juu ya gunia nikaangalia, kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya. Akaja mama mmoja wa samaki, kitenge kikinuka moshi. Papa Banza akamjazia beseni. Mama hakunyanyua mkono kulichukua.

"Papa, na matabishi yangu? Ao vita bimekula na matabishi?"

"Vita haiwezi kula yote," akajibu, akachota viganja viwili na kuvimwaga juu, mpaka beseni likawa na kilima.

Matabishi! Nyongeza ambayo muuzaji humpa mnunuzi ili arudi kesho. Mama yangu aliuza unga Kamina, nami nilikula matabishi ya watu utoto wangu wote. Lakini miaka saba ya kuuza pakiti zilizofungwa kiwandani ilinifanya nisahau mkono wa mama yangu.

Saa hiyohiyo mama mwingine aliteremsha kitunga cha samaki. Samaki walikuwa wamepangwa kupita ukingo, wamefungwa kwa kamba ili wasianguke. Akasema, "Hii ya juu njo matabishi ya depo."

Nilisimama ghafla mpaka askari akashika bunduki yake. Nilikumbuka kwamba Kamina mizani yangu ilionyesha samaki wa ziada kila mwezi, nami nikaandika kwamba mizani ni mbovu. Chumvi ilipungua huku, samaki walizidi kule. Mimi niliyekuja kuunganisha depo mbili nilikuwa nimezisoma moja moja!

Siku ya tatu ofisa alikuja. Nilifungua gunia jipya mbele yake na kumwomba Papa Banza apime kama kawaida yake. Likatoka mabeseni kumi na manane. Nikalipima jingine kwa kijiti. Ishirini. Kisha nikaweka daftari la Bukama na la Kamina pamoja, nikamwonyesha, mwezi kwa mwezi, chumvi inayopungua na samaki wanaozidi.

"Kwa mabeseni kumi na manane," nikasema, "magunia mia na kumi yanakuwa tisini na tisa kwenye karatasi. Kosa ni la aliyetia sahihi. Sahihi hii ni yangu."

Ofisa alihesabu mwenyewe, mara mbili. Halafu akamgeukia Papa Banza na kumdaia mkewe. "Kama bantu bote banapata matabishi, mbona bibi yangu hapewi?"

"Bibi yako anakujaka na askari wawili, mukubwa. Anasahau kuomba."

Ofisa akacheka. Askari wake akacheka baada yake. Wakaondoka.

Bunduki zilipopungua, kompyuta zilikuja kwa ndege ya mizigo. Mtaalamu kutoka Lubumbashi alishangaa kukuta orodha zangu ziko tayari. Alisema kampuni nyingine humpotezea miezi. Alishangaa zaidi nilipodai mistari miwili: *matabishi yanayotoka* na *matabishi yanayoingia*, kila mmoja na msimbo wake. "Madame, programu haina kitu hicho," akasema. Nikamjibu kwamba basi programu haijakamilika. Akaiweka.

Nimestaafu sasa. Kampuni imebadilisha mfumo mara mbili, na misimbo ile miwili bado iko, kwa sababu kila mtaalamu anayekuja huambiwa asiiguse. Nawaambia vijana: kabla hujaupa mfumo orodha yako, kaa juu ya gunia uangalie mikono ya watu. Wao huniuliza ni siku gani ninayojivunia kuliko zote, wakidhani ni siku tuliyowasha mashine.

Ni kesho yake. Tangu kisa kile, kila nilipofika Bukama nilinunua beseni la chumvi kwa ajili ya mama yangu, na kila mara Papa Banza alipitisha kijiti juu yake. "Sawa na karatasi yako, Mademoiselle." Hivyo kwa zaidi ya miaka miwili, na sikuwahi kulalamika. Siku hiyo nilimpelekea orodha ya kwanza iliyotoka kwenye mashine. Alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole hadi kwenye neno *matabishi*.

"Umeandika hii mbele ya bantu bote?"

"Mbele ya wote, Papa."

Alichukua beseni, akalijaza. Kijiti kilikuwa pale mezani. Alikisukuma kando, akachota viganja viwili, kisha cha tatu, na chumvi ikamwagika juu ya viatu vyangu. Sikuvipangusa mpaka nilipofika Kamina.