Mpimaji wa Mwalo wa Murangi

Mpimaji wa samaki pale mwaloni Murangi hana siri na mtu. Hufumba jicho moja, hugonga mzani mara tatu kwa ukucha, kisha hutangaza uzito kwa sauti inayofika mpaka kanisani. Ukimjaza sangara mawe tumboni, nayo atayatangaza. Magige, aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu, alimpa matokeo yake kifua mbele: A moja, C moja, na GPA aliyojipigia mwenyewe, tatu na nusu. Mama yake alishaalika kwaya nzima kusherehekea. Mpimaji akaiweka karatasi kiganjani kama sato, akafumba jicho.

“Hii A ina uniti ngapi?”

“Moja. C ndiyo ina tatu.”

“Sasa mwanangu, dagaa mmoja na sangara mmoja tunawapimaga sawa?”

Akaandika kwa chaki ubavuni mwa mtumbwi: A, alama tano mara uniti moja, C, alama mbili mara uniti tatu, jumla kumi na moja, gawa kwa uniti nne. Magige akawatazama wanakwaya waliopanga foleni ya samaki, akafumba macho yote mawili. Mpimaji akagonga mzani mara tatu, akainama, akamnong’oneza: “Mbili nukta saba tano. Kamwambie mama yako mwenyewe.”