Chai ya Senge Asubuhi ya Mbio

Nakumbuka asubuhi moja kule Bungoma nilipokunywa kikombe cha chai, na mbio zangu zikaishia pale pale mezani. Nimeikumbuka leo, mwanangu, nilipokuona ukificha pampu yako ya pumu ndani ya soksi kabla ya kuingia uwanjani. Usitetemeke, sitakuchongea kwa mtu. Keti hapo kwa benchi, jimiminie chai, nikueleze, maana Jumamosi unaenda kwenu kupumzika kabla ya mashindano, na haya mambo huanzia nyumbani.

Mimi naitwa Nekesa. Kwetu jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno. Sasa ona Mungu anavyopenda mzaha: mavuno hayo hayo ndiyo hunifunga kifua. Tulilima mahindi kule kijijini kwetu, mahali panapoitwa Kwanza, karibu na Kitale, na mashine ya kupukuchua ikianza kunguruma uani, vumbi lilipanda hadi paa halionekani, nami kifua kinapiga filimbi. Ndugu zangu walikuwa wananicheka, ati, "Nekesa, zima redio!" Nilicheka nao, halafu nikaenda nyuma ya ghala kuhema peke yangu.

Na kifua hicho hicho, bana, nilikuwa mkimbiaji. Si wa shuleni tu, hapana. Mbio ndizo zilikuwa kazi yangu. Nilifanya mazoezi Kitale chini ya Kocha Ndiema, mzee wa kutoka Mlima Elgon, mpole kabisa, lakini ukimdanganya utajuta. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari nikapata pampu na karatasi ya kibali, kwa sababu miaka hiyo ya elfu mbili hata pampu ya kuvuta mwanariadha aliihitajia kibali.

"Hii pampu ni yako na imeruhusiwa," aliniambia. "Kidonge cha mtu, dawa ya maji ya mtu, hata kama ni ya kikohozi cha mtoto, uliza kwanza."

Kila asubuhi ya mashindano alituuliza jambo lile lile: umekula nini, umekunywa nini, nani amekupa. Sisi wasichana tulikuwa tunamwiga jikoni tukiosha vyombo, mmoja anakunja uso kama yeye, wengine tunacheka mpaka machozi yanatoka. Laiti ningemsikiliza zaidi na kumwiga kidogo.

Basi ikafika mwaka ambao mbio za mchujo ziliwekwa Bungoma, wakati wa mavuno. Meneja mmoja alikuwa anakuja kuchagua wasichana watatu wa kwenda kukimbia Ulaya msimu mzima. Watatu tu, na mimi mazoezini ni mmoja tu aliyekuwa akinishinda. Tuliambiwa pia kwamba watu wa kupima mkojo watakuwepo. Unaona jinsi mambo yalivyokuwa? Kila kitu nilichokuwa nimekiota tangu utotoni kilikuwa kinaningoja Bungoma, na nilijua nakiweza.

Nilipita nyumbani kwanza, nikasaidia kupukuchua. Najua utasema ningekaa kando. Wewe ungekaa kando ukimtazama mama yako akiburuta magunia? Kwa hiyo nilishuka Bungoma na vumbi langu kifuani, nikaenda kulala kwa Senge.

Senge ni shangazi, dada ya baba, na kwetu Senge si mtu wa kuchezewa. Siku ya harusi yako ndiye anayesimama, na ukikosana na baba yako ndiye anayeitwa. Huyu wangu alikuwa mnene, mcheshi, sauti yake kanisani inafunika kwaya yote. Mtaa mzima uliujua mkebe wake. Ulikuwa mkebe wa kakao uliojaa vidonge vilivyobaki: vya malaria, vya mgongo, vya tumbo, vya kifua. Mtu akikohoa tu huko barabarani, Senge ameshaufungua. Na kwa kuwa mumewe alikuwa hawezi kumeza kidonge, Senge alizoea kuviponda kwa mgongo wa kijiko na kuvikoroga kwenye chai ya tangawizi kali, sukari tele, usisikie uchungu wowote. Alimtibu mzee wake hivyo miaka na miaka, na mzee akidhani anakunywa chai tu.

Mkebe huo niliujua vizuri. Lakini nilimkuta Senge amechinja kuku, amenichemshia maji ya kuoga, amewatangazia majirani kwamba binti ya kaka yake anaenda Ulaya. Sasa nianze kumwambia, "Senge, mimi nina sheria zangu, usinipe hiki, usinipe kile"? Niliona nitakuwa nimemkosea adabu. Nikala kuku nikanyamaza.

Asubuhi kifua kilikuwa kinalia kidogo. Nikajifungia chooni, nikavuta pampu yangu kwa siri, kama wewe na soksi yako, nikatoka nikitabasamu. Senge alikuwa ameshanisikia. Akaniwekea kikombe mbele yangu.

"Kunywa mama, umalize. Njia ni ndefu."

Kwa Senge hakuna kubakiza chai, labda uwe umekufa. Nilimaliza. Nilipoinama kufunga kamba za viatu nikasikia moyo wangu unaenda kasi, na mimi bado sijatoka mlangoni.

"Kifua kimefunguka, si ndiyo?" Senge akasema, amejishika kiuno kwa furaha. "Nimekutilia vile vyangu vya kifua. Leo hao wengine watakula vumbi lako!"

Woi, mwanangu! Nilimwomba anionyeshe pakiti ya hivyo vidonge, nikaichukua, nikadandia boda boda ya baiskeli bila hata kumuaga. Yule kijana alikanyaga pedali akiniuliza kama kuna mtu amefariki, nami nikamwambia akanyage tu.

Uwanjani, Kocha Ndiema aliitazama ile pakiti, akampigia daktari simu, akasikiliza, akaikunja simu taratibu.

"Ndani yake kuna efedrini," akasema. "Siku ya mashindano imekatazwa, hata ukipewa na mama aliyekuzaa. Ukikimbia leo ukapimwa ikaonekana, watakufungia, na jina lako litasomwa redioni. Ukikaa, umekosa mbio moja. Wewe ni mtu mzima, amua."

Nilijaribu ujanja. "Kocha, si nikimbie polepole niwe wa tatu? Labda watapima wa kwanza tu."

Akacheka, mzee yule, katikati ya msiba wangu. "Nekesa, tangu lini wewe ukajua kukimbia polepole?"

Nikatoa namba kifuani nikampa. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote, sikujali.

Wakati huo huo baiskeli nyingine ikaingia uwanjani, na juu yake Senge na kitambaa chake cha kanisani, amekumbatia chupa ya chai. Aliponiona sina namba, akamuuliza kocha, kocha akamweleza. Senge hakungoja amalize. Alielekea moja kwa moja kwenye hema la maofisa.

"Nani hapa anapima mkojo?"

Kijana mmoja mwembamba, aliyetoka Nairobi, akasimama. "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nipime mimi. Dawa ni yangu, mkebe ni wangu, chai nimepika mimi, na mkojo ninao wa kutosha. Huyu mtoto hana kosa!"

Hema zima likaangua kicheko. Hata mimi na machozi yangu nilicheka. Yule kijana tu ndiye hakucheka. Alimvutia Senge kiti, akamwambia kwa heshima, "Mama, ningependa kukusaidia. Lakini sheria haimpimi aliyepika chai. Inampima aliyekunywa."

Senge akakikalia kile kiti kidogo, akainuka, akanishika mkono.

Tukaenda kukaa kwenye nyasi, mimi na yeye, bunduki ikalia na wenzangu wakaondoka. Niliumia, sitakudanganya. Niliwatazama wakizunguka, nikajua ni wapi ningekuwa. Hapo ndipo Senge alinigeukia, na sijasahau neno hata moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya, Senge. Niliogopa utasema nakidharau chakula chako."

"Haya gani hiyo? Mimi najua kupika na kuimba. Hizo sheria za mbio nitazijulia wapi kama mwenye mbio amefunga mdomo? Ungenieleza jana tukila kuku, huo mkebe ningeufukia hata mimi nisiupate. Unaniita Senge halafu unanificha ugonjwa wako na kazi yako. Ndiyo heshima hiyo? Umeniacha nikuharibie kitu na mikono yangu mwenyewe!"

Na yeye akalia. Tulilia pamoja pale, watu wakidhani tumefiwa. Kisha kwa mazoea akafungua chupa, akamimina chai, akaninyooshea kikombe. Tukakitazama wote wawili. Tukaangua kicheko mpaka kocha akaja kuuliza kuna nini.

Ile nafasi ilienda, usidhani kuna muujiza. Wasichana watatu walichaguliwa na mimi nikarudi Kitale na begi langu. Lakini jina langu lilikuwa safi. Kabla ya msimu wa kupanda yule meneja alirudi, mbio zikawekwa Kitale kwenyewe, mvua ya kwanza ikiwa imelaza vumbi lote. Nilikimbia, mwanangu! Nikamaliza wa kwanza. Nikaingia kupimwa, na ni kijana yule yule. Akaniuliza dawa ninazotumia. Nikaitoa pampu, nikatoa kibali, nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mimi nina pumu." Hakuna aliyeanguka kwa mshangao.

Nje kulikuwa na kelele. Nikachungulia. Senge alikuwa ametoka Bungoma alfajiri, amesimama kwenye kamba na chupa yake juu ya kichwa, anawapigia kelele maofisa:

"Hii ni chai tupu! Hata tangawizi nimeacha, sijui kama nayo mmeikataza!"

Tangu siku hiyo, nikifika kwenye nyumba yoyote ya ukoo wetu, kabla sijaketi, Senge ameshatangaza: Nekesa asipewe kidonge na mtu yeyote, ana sheria zake, ulizeni kwanza. Nilikuwa nimeogopa aibu, kumbe nilikuwa namkataa askari bora kuliko wote.

Basi nisikilize sasa, nakuambia waziwazi. Pumu si ya kufichwa. Dawa yako uliyopewa na daktari itumie, usije ukaiacha kwa kuogopa sheria ukafia barabarani, na karatasi zako ziwe sawa. Sheria nazo hubadilika, kwa hiyo muulize daktari wa timu kila msimu, hata kama uliuliza mwaka jana. Usimeze cha mtu kwa sababu tu anakupenda. Na ukifika kwenu Jumamosi, kabla birika halijawekwa jikoni, waite mama na shangazi zako wote, uwaonyeshe hiyo pampu, uwaambie unachoruhusiwa na usichoruhusiwa. Watauliza maswali mengi, watakucheka kidogo. Wajibu. Wanaokupenda hawawezi kukulinda na kitu wasichokijua.

Haya, itoe hiyo pampu kwenye soksi uitie mfukoni, kama mtu. Mungu akufungulie kifua, akupe pumzi ya kupanda mlima na miguu ya kuushuka. Jina lako lisomwe redioni kwa mema. Uende kwenu ukapendwe, ukapikiwe, ukamalize kikombe bila hofu, na chai ya mama yako iwe chai tupu.