Fimbo ya Papa na Macho ya Mama

Nilipokuwa mtoto, upande wetu wa Rutshuru, mtu aliye hai hakupimwa urefu. Mlango ulipimwa, kitanda kilipimwa. Mtu alipimwa mara moja tu, akiwa amelala mkekani, taya limefungwa kwa kitambaa, ili fundi ajue sanduku lake liwe na urefu gani. Ukimsimamisha mdogo wako ukutani ukachora alama juu ya kichwa chake, ulichapwa, na alama ikafutwa kwa matope kabla jua halijazama. Mimi nilichapwa kwa kosa hilo. Sicheki ninapoandika haya, na wewe usicheke. Wapo watu wanaokuja kwetu na viatu safi, wakisikia habari hizi wanatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hao siwaandikii.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kiwanja, kando ya mto unaokimbia juu ya mawe. Penye maji ya namna hiyo ndipo wanapozaliwa inzi wadogo weusi waitwao usubi. Wanauma mchana, ukiwa shambani au ukifua. Hatukuwajali, maana waliuma kila mtu. Na kila mtu alijikuna. Mama yangu alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ya mapaja yake ikawa ngumu kama ya kenge, na kiunoni alikuwa na vinundu viwili mfano wa maharagwe yaliyofichwa chini ya ngozi. Wazee wetu wengi walikuwa vipofu. Ilisemwa kwamba mto ndio uliowachukua macho. Kumbe ilikuwa karibu na kweli, lakini hakuna aliyetuambia mto unayachukua kwa njia gani.

Papa alikuwa fundi mbao. Alitengeneza vitanda na milango, na mtu akifa alitengeneza sanduku. Desturi ilitaka kila maiti apimwe kwa unyasi mpya, na unyasi huo uvunjwe mbele ya watu na kuzikwa naye, ili kipimo kisirudi kutafuta mwingine. Papa alivunja unyasi makaburini, watu wote wakamwona. Lakini unyasi ule alikuwa ameukata njiani. Ndani, mlango umefungwa, alipimia fimbo yake mwenyewe, ubao mwembamba alioupiga randa ukanyooka, wenye alama za kisu, uliokaa nyuma ya mlango wa karakana. Aliniambia nyasi hupinda na sanduku hutoka fupi, na kumkunja marehemu miguu ni aibu kubwa kuliko kuvunja desturi. Labda alikuwa na haki. Ila alikuwa anadanganya kijiji kizima, na mimi mtoto wa miaka tisa ndiye niliyejua.

Basi mwaka ule wakaja watu wa dawa. Walikuwa wawili, munganga mmoja wa hospitali na msaidizi wake, kwa pikipiki, na makopo ya vidonge ndani ya mfuko. Dawa ile hutolewa kwa urefu wa mtu, si kwa kilo. Mrefu anameza vingi, mfupi anameza vichache. Walikuwa na fimbo yao yenye rangi za kuonyesha hesabu, lakini ilivunjikia njiani pikipiki ilipoanguka kwenye matope. Munganga akauliza kama kuna mtu mwenye ubao ulionyooka.

Nani angekuwa nao isipokuwa Papa?

Sijui alifikiri nini. Nimemkasirikia kwa swali hilo maisha yangu yote. Aliingia karakana, akatoka na fimbo ile, akaifuta kwa kiganja. Munganga akaifurahia, akachora mistari minne kwa kalamu ya bic, akaisimamisha kwenye ukuta wa kanisa.

Kabla ya hapo alikuwa amebishana na watu asubuhi nzima. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Koko, aliketi kwenye jiwe akakataa kabisa.

"Mutu akiwa hai hapimwe," alisema. "Mukipima batu leo, kesho mutatafuta mbao."

"Koko, hii ni dawa ya macho," munganga alisema.

"Macho yangu ilikufa zamani. Unataka nini tena, masikio?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichofungua njia. Mzee mmoja mrefu, mwenye maneno mengi, akasogea akaegemea fimbo.

"Munganga, unanipima ya kitanda ao ya sanduku?"

"Ya vidonge, muzee. Murefu vine, mufupi kimoja."

"Basi mwite bibi yangu mbele. Ule atalamba kopo tu!"

"Na weye urefu wote ule ni wa bure," mkewe akajibu kutoka nyuma. "Hata ndizi hauwezi kukata mutini."

Akameza vinne. Jirani yetu Mama Furaha akafuata, akameza vitatu. Baada yake wengine sita au saba. Kisha ikafika zamu ya Mama. Alinishika mkono, akaniambia nitamfuata. Akavua viatu, akageuka, akaweka mgongo na kisogo juu ya ubao ule ambao wiki mbili kabla nilikuwa nimeuona umelazwa kando ya mtoto wa mwalimu, aliyekufa kwa homa.

Nikapiga kelele.

"Mama, toka! Toka! Ni ile fimbo Papa anapimiaka wafu!"

Kisha mwalimu akamgeukia Papa, akauliza taratibu, "Mutoto anasema kweli?" Papa akanyoosha mkono aichukue fimbo yake. Mama akatoka kwenye fimbo. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaninyanyua, mkubwa nilivyokuwa, akanibeba mpaka nyumbani bila kuvaa viatu. Nyuma yetu nilisikia makopo yakianguka na watu wakitukanana.

Siku iliyofuata Mama Furaha aliamka amevimba uso, macho yamefunga, anajikuna huku analia. Yule mzee mrefu alivimba miguu. Leo najua sababu. Wadudu wadogo waliojaa chini ya ngozi wanapokufa kwa wingi, mwili unavimba siku mbili tatu, halafu unapoa. Ukiwa na wadudu wengi, unavimba sana. Ni ishara kwamba dawa imefanya kazi. Munganga alijua hivyo. Hakutuambia hata neno moja! Alikuwa na haraka ya kufika kijiji kingine na kijiji kingine, akaona tukijua tutaogopa. Kwa hiyo tulijionea wenyewe waliopimwa kwa fimbo ya wafu wakianza kuvimba kama wafu.

"Nilisema," Koko alirudia siku hiyo yote. "Nilisema ao sikusema?"

Mama Furaha alipona kwa wiki moja, akaacha kabisa kujikuna, lakini hakuna aliyekuja kutazama siku ya kupona. Papa alinichapa kwa mkanda, si kwa sababu nilisema uongo bali kwa sababu nilisema kweli, na hilo sikulisahau. Mwaka uliofuata watu wa dawa walipokuja, vijana waliwangoja barabarani na mawe. Wakageuza pikipiki. Baadaye ikaja vita, na vita haikuwa na habari na wadudu. Tulipohamia Goma, mtaa wa Majengo, Mama alikuwa tayari anapapasa kuta. Papa alifia hapa. Sanduku lake lilipimwa na kijana asiyemjua, kwa metre ya chuma.

Mimi sikumaliza shule. Nilijifunza Kifaransa kwenye karatasi zinazokunjwa ndani ya pakiti za dawa, kwa kuuliza na kugombana, mpaka nikaelewa habari ya usubi wanaotuachia minyoo wanapouma, ya minyoo inayozaa ndani ya vinundu na watoto wake wakapanda mpaka machoni, ya vidonge vinavyotakiwa kumezwa kila mwaka kwa miaka mingi. Nilivimeza mwenyewe nikiwa mtu mzima. Nilivimba mikono. Na kadiri nilivyosoma ndivyo hasira yangu ilivyopata anwani. Niliwagawia wote sehemu zao: Koko kwa ushirikina wake, munganga kwa ukimya wake, Papa kwa udanganyifu wake. Mwenyewe sikujipa chochote. Nilikuwa nimesema ukweli. Hiyo ndiyo sifa yangu hata sasa, uliza yeyote hapa Majengo: huyu mama hazunguki, anakuambia usoni.

Miezi michache iliyopita walikuja wachunguzi. Wanafuatilia watu waliotoka kando ya mto, wajue nani bado ana wadudu na kwa nini dawa haikufika kwa wote. Kijana mmoja aliketi uani kwetu na kompyuta ndogo ya kugusa kwa kidole, akamuuliza Mama maswali kwa heshima. Alipofika kwenye swali la kwa nini hakumeza dawa, nilisimulia mimi, nikisimama. Alisikiliza, akagusa sehemu moja.

"Umeandika nini?" niliuliza.

"Hapa kuna majibu ya kuchagua tu, mama. Nimeweka imani za kienyeji."

"Futa."

"Mama, hakuna nafasi ya..."

"Futa, nakuambia! Imani gani? Ile fimbo ilikuwa ya wafu kweli! Watu walivimba kweli! Nani aliamini kitu ambacho hakikuwapo? Andika kwamba munganga wenu alificha!"

Kijana aliikumbatia kompyuta yake. Ndipo Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mie nilijua ile fimbo."

Niligeuka.

"Nilikuwa bibi ya fundi," alisema. "Nani alikuwa anaiosha? Papa yako? Niliijua, na nilisimama. Nilikuwa nimechoka kujikuna. Nilisema, hata kama ni ya wafu, wacha nimeze."

"Sasa juu ya nini ulitoka?"

"Ulikuwa unalia, mutoto wangu. Ulikuwa unatetemeka mbele ya batu yote. Mama gani atasimama kumeza vidonge na mutoto analia vile?"

Hakusema kwa lawama. Ningependa angesema kwa lawama, maana najua kujibu lawama. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeishi na mwanamke huyu, nimemshika mkono kwenda chooni, nimemchagulia mboga sahanini, nikitukana watu watatu kwa ajili yake mbele yake, na yeye akinyamaza. Alinyamaza ili nisijue.

Kijana aliuliza aandike nini. Nilimwambia aandike kwamba mgonjwa alikuwa tayari kumeza.

Akaeleza kwamba macho hayatarudi, ila wanaomba kipande kidogo cha ngozi ya kiunoni, waone kama wadudu bado wako, na wakionekana atapewa vidonge. Akaanza kuvaa glavu. Nilimzuia.

"Mwambie kwanza kama itauma," nilisema. "Na akimeza, mwambie atavimba siku ngapi."

Akamwambia yote, polepole, na lile asilolijua alisema halijui. Mama akaitikia kwa kichwa. Nilimgeuza ubavu, nikafungua kitenge kiunoni, na kijana alipoinama na kile kikoleo chake kidogo, mkono wa Mama ukatafuta wangu ukaushika. Niliogopa kama siku ile ya fimbo, lakini safari hii nilifunga mdomo.