Mkazi wa Magamba

Foleni ya kujiandikisha kupiga kura Majengo, ninakoishi, ilinichosha kwa macho tu. Vyama vingi vimewatoa watu wote nyumbani. Nikapanda baiskeli hadi Magamba, kwenye shamba langu, nikidhani kule ni mteremko. Kweli, mbele yangu walikuwa wanne tu.

Karani akaniuliza, "Mzee, unaishi hapa?"

"Nina shamba hapa," nikajibu, kifua mbele.

"Sijauliza shamba. Nauliza unalala wapi."

Mama aliyekuwa nyuma yangu, ambaye ndiye hunilimia shamba hilo, akaziba mdomo kwa khanga. Karani akamgeukia.

"Mama, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu sana. Huwa anakuja wakati wa mavuno. Anatusalimia vizuri, anapakia magunia, anaondoka."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikageuza baiskeli bila kuaga.

Wiki iliyopita, kwenye safu hii hii, niliwafokea wabunge kwamba tunawaona wakati wa kura tu. Waheshimiwa wanisamehe. Wao angalau huja na ahadi. Mimi huja na magunia matupu.