Nyumba Niliyoiziba Robi Asione

Shikamooni mlionizidi umri, ingawa mmebaki wachache. Wengine marahaba. Mimi ni Bhoke, mke wa kwanza wa mzee Marwa wa huku Kemambo, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu, mkono ambao kuna wakati haukuweza kushika kikombe. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo mkikuta herufi zimelala msizicheke.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa nguvu. Nililima mtama na muhogo, na kuni nilizishusha kutoka mlimani bila kupumzika njiani. Mke mwenzangu Robi alikuwa anapumzika. Huyo nilimpokea vizuri alipoolewa, watu ni mashahidi, ila jicho langu halikumwacha. Akipata khanga mpya, nilijua kabla haijafuliwa. Kwetu kila mke ana nyumba yake na moto wake, na milango yetu ilitazamana, zizi la ng'ombe likiwa katikati. Kazi ya kumtazama haikuwa ngumu.

Basi ikaja dhahabu. Au tuseme ilikuwepo chini siku zote, waliokuja ni watu. Wana wa Robi ndio waliotangulia kupata. Wakamjengea mama yao nyumba ya bati yenye madirisha makubwa, na jiko wakalitoa nje kwenye kibanda chake. Nikawaambia majirani, mwanamke gani anafukuza moto nyumbani kwake? Lakini madirisha yale niliyataka, na niliyahesabu kila nilipopita.

Mwanangu Mwita naye akapata, kidogo kidogo. Akanijengea ya bati. Fundi akauliza madirisha yakae wapi, nikamwambia asiweke. Nyumba yangu ya nyasi haikuwa na dirisha na bado ilikuwa inapumua, moshi ulipita kwenye nyasi. Bati halipumui. Hata ile nafasi inayobaki kati ya ukuta na bati niliiziba mwenyewe kwa udongo na mavi ya ng'ombe, vizuri kabisa, kama ghala.

Sababu yenyewe ni hii. Mwita alikuwa analeta kitonge cha dhahabu iliyoshikwa na zebaki. Unakiweka kwenye kipande cha bati juu ya makaa, zebaki inaondoka kama mvuke, dhahabu inabaki. Wengine walichomea nje. Mimi nikamwambia, "Mura, kijana wangu, ukichomea nje, Robi atajua tumepata." Kwa hiyo yeye akirudi shimoni kuchimba, mimi nilifunga mlango nikachoma, kwenye mafiga yale yale ya ugali.

Nilikuwa na mbuzi mweupe aliyelala humo ndani, mpole, anakula hata maganda ya muhogo mkononi. Akaanza kuyumba, akafa. Nikasema amekula kamba. Mzee Marwa akakataa tusimle, na nilimnunia kwa ajili ya nyama ile.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilianza kuonja kitu mdomoni, kama mtu aliyenyonya msumari. Mate yakajaa. Fizi zikavimba zikatoka damu, na jino moja likalegea nikaling'oa kwa vidole. Kifua kikabana, nikakohoa mpaka mbavu zikauma. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Uji niliutaka mdomoni, ukaishia kifuani. Usingizi ukakimbia, hasira ikaja, nikamtukana mzee wangu kwa sababu ya kofia. Moyoni nikasema ni Robi amenifanyia kitu kwa wivu. Yeye, mwenye madirisha! Nikazidi kujifungia, hata nyufa za mlango nikazijaza matambara.

Siku nilipoanguka nikichota maji, Mwita alinipakia kwenye pikipiki anipeleke hospitali. Peke yangu nisingeweza kukaa, kwa hiyo Robi akapanda nyuma yangu akanishika kiuno. Nilisikia anavyopumua mgongoni kwangu, pumzi ndefu, safi. Hata pumzi nilimwonea wivu.

Daktari alikuwa binti mdogo. Akanipa shikamoo, akatazama fizi, akaniambia ninyooshe mikono. Akauliza kama nyumbani tunachoma dhahabu. Nikasema hatuna dhahabu. Robi alikuwa amesimama pale na mfuko wangu, ningesemaje?

"Mama," akasema, "nisipojua unavuta nini, unaweza kunifia hapa."

Nikatazama ukuta. Nilikuwa tayari kufa, nawaambia kweli. Ndipo Robi akasema polepole, "Sema tu, mama Mwita. Mtu hafungi mlango mchana kwa ajili ya ugali."

Kumbe alijua siku zote. Nikasema yote.

Daktari akaeleza kwamba mvuke ule unaingia kifuani na kwenye damu, na unabaki hata kwenye vyombo na udongo wa nyumba. Dawa angenipa, lakini ya kwanza ni kutorudi mle ndani. Mwita akakwangua sakafu na kuta, akafukia yote mbali na maji, na vyungu na mafiga yangu humo humo. Niliyalilia mafiga yale.

Mimi nikalazwa kwa Robi, chini ya dirisha. Alininywesha uji kwa kijiko kama mtoto, nami nachungulia kama maziwa ya ng'ombe wake ni mazito kuliko ya wangu. Yalikuwa mazito. Hewa ilipita juu yangu, kikohozi kikalegea, usingizi ukarudi. Mikono ilichelewa. Siku niliyoshika kikombe bila kumwaga, Robi ndiye aliyepiga vigelegele.

Fundi akarudi kunitobolea madirisha. Akasema upepo wetu unatoka upande wa zizi, yaani kwa Robi. Dirisha moja likae huko na jingine ukuta wa pili, ili hewa ipite. Nikatazama mlango wa Robi, fundi akakaa juu ya ndoo. Mwisho nikasema, "Toboa."

Namshukuru Mungu, na binti yule daktari. Robi namshukuru pia, ila msimwambie. Mama zangu, dhahabu isichomwe ndani wala karibu na watoto na chakula. Bora hata vijana wapate njia nyingine isiyo na zebaki. Moto wa kuni nao upewe kibanda chake, na chini ya bati acheni nafasi. Mnayemficha anawaona.

Kila asubuhi nafungua dirisha. Upepo unafika kwangu ukiwa umeshapita kwa Robi, na nina hakika ule mtamu ameubakiza kwake. Lakini nauvuta, nao unashuka mpaka chini kabisa ya kifua.