Tundu la Dirisha Linalotazama Ziwa

Nyumba yetu ya mtaa wa Nguba ilijengwa na watu walioiogopa baridi. Milango ni mizito, kuta ni nene, na sebuleni kuna shimine, jiko la ukutani la matofali mekundu ambamo Wabelgiji wa zamani walikuwa wakiwasha kuni jioni. Sisi hatukuwahi kuona moto mle. Waliotutangulia walipotoa vigae na kuezeka mabati, walilifunika hata bomba la moshi humohumo, na tangu hapo shimine ikawa ghala letu la viazi na viatu vya mvua.

Watu wa mbali wakisikia Kongo wanadhani ni joto tupu. Waje Bukavu mvua ikishuka kutoka milimani, ziwa likigeuka rangi ya jivu, halafu waniambie kama watavua koti.

Joto letu lilitoka kwenye babula, jiko dogo la bati la makala, yaani makaa. Mama alilikokea uani, akalipepea kwa kipande cha katoni hadi moshi uishe na makala yaive mekundu, ndipo akaliingiza sebuleni. Tukalizunguka. Soksi za shule zilikauka kwenye mgongo wa kiti huku zikinuka, viazi vitamu viliungua upande mmoja, na kila mtu alimlaumu mwenzake kwa kuchukua nafasi kubwa. Sijawahi kupata joto tamu kama lile, na leo ninakaa kwenye nyumba yenye mashine ya umeme ya kupasha chumba, umeme unapokuwepo.

Lakini dirisha la sebuleni, lile linalotazama ziwa, lilikosa kioo kimoja. Baba alikivunja mwenyewe kwa ncha ya ngazi siku alipokuwa anapanda kurekebisha antena. Mama alikuwa amesimama palepale, akaona yote. Jioni baba alilitazama lile tundu, akaitazama babula, akatangaza kwamba halitazibwa.

"Nyumba inapaswa kupumua," alisema.

"Nyumba haina mapua," mama akamjibu. "Sema tu uko muvivu."

Ugomvi huo ulidumu kuliko makochi yetu yote. Baba alisimulia kijijini kwao Miti, kwenye nyumba za nyasi, jinsi moshi wa jiko ulivyopenya kwenye paa ukaenda zake. Nyumba ya mabati na saruji, alisema, haiachii kitu, na makala yana sumu isiyo na harufu. Mama alisema hadithi ya sumu aliisikia kwa mara ya kwanza baada ya ngazi kupita kwenye kioo. Sisi watoto tulimwamini mama. Nani angemwamini mtu ambaye pia alisema mfereji unaovuja unasaidia migomba?

"Makala yangu yote inaenda kupasha ziwa moto," mama alilalamika kila mvua iliponyesha.

Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alichoka kusikia. Siku moja alikuja na kioo kilichokatwa kwa kipimo, amekifunga vizuri kwenye gazeti. Baba alimshukuru sana, akamkaribisha chai, kisha akakitumia kioo kile kufunikia picha ya harusi yao. Mama hakusema naye hadi Jumapili.

Kiti cha baba kilikuwa chini ya tundu lenyewe. Alikaa pale na koti lake zito na kofia ya sufu, ameupa upepo mgongo, anasikiliza redio. Tulimcheka. Tulidhani ni ukaidi, kwamba akihama atakuwa amekubali kushindwa.

Mwaka aliofariki alikohoa msimu mzima wa mvua. Daktari alisema ni moyo. Mama alisema ni tundu.

"Hiyo mupepo njo ilimumaliza," aliwaambia waliokuja kwenye kilio.

Matanga yalipokwisha na kaka zangu wakarudi makwao, mama alimwita fundi wa vioo. Hakutosheka na kioo peke yake. Aliagiza dari mpya ya mbao, akaziba nyufa za madirisha kwa mastiki, akashonea mlango pindo la blanketi kuukuu ili usipitishe hata unywele wa baridi. Nilimsifu. Nilifurahi kumwona ana shughuli, maana wiki zilizotangulia alikuwa anakaa tu na mikono mapajani.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda kumtazama. Mvua ilikuwa inamwagika. Alinifungulia huku anatabasamu kama bibi arusi.

"Ingia, usikie weye mwenyewe," aliniambia. "Makala kidogo tu, na angalia."

Kweli kulikuwa na joto. Babula ilikuwa katikati ya sebule, na dirisha lilikuwa zima kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu. Tulikunywa chai. Alinionyesha dari, akanionyesha pindo la mlango, akacheka kwamba sasa ziwa litajipasha lenyewe. Kichwa kilianza kunigonga, nikadhani ni njaa ya misa. Mama akasema naye macho yanamlemea, labda ni uzee. Akaanza kunieleza habari za jirani, akazikatiza katikati. Nilidhani anafikiri. Nilipomtazama, kikombe kilikuwa kimeinama na chai inamwagikia kitenge chake, naye hana habari.

Niliinuka, magoti yakanigomea. Hapo ndipo nilipomsikia baba. Sisemi mzimu. Nasema ile sauti yake ya kuchosha, sumu isiyo na harufu, tuliyoisikia hadi tukaacha kuisikia. Nilijivuta hadi mlangoni, nikaufungua kwa nguvu zote, nikarudi kumshika mama kwapani na kumburuta hadi barazani, kwenye mvua. Nilimpiga makofi mashavuni, nikamwita maman, maman, huku nalia kama mtoto. Niliogopa kwamba nitawazika wote wawili mwaka mmoja.

Alifumbua macho polepole. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Baridi."

Sijawahi kulipenda neno kama siku ile.

Majirani walitufikisha kwenye kituo cha afya, mama akawekewa hewa puani. Muuguzi, dada mpole, alitueleza mambo ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa, kwamba hauui moshi peke yake, kinaua kile usichokiona. Mama alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Mimi nilitazama pembeni, maana hotuba ile tulikuwa tunaijua kwa moyo.

Tuliporudi nyumbani hakuingia kupumzika kama alivyoagizwa. Alipita jikoni, akachukua mchi wa kinu, akakiendea kile kioo kipya. Nilimwambia amwite fundi, akitoe kizima.

"Yeye hakukitoa kizima," alisema, akapiga.

Kisha akalia. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia vile, kwa sauti, ameshika ukingo wa dirisha, vipande vya kioo vimezunguka viatu vyake. Nilifagia nikamwacha alie.

Ninamtembelea mara nyingi siku hizi. Babula bado inakokewa uani, bado inaingizwa ikiwa imeiva, na upepo wa ziwa unaingia kwenye tundu kama zamani. Mama bado anaulalamikia, tena kwa maneno yaleyale, na mara nyingine anageuka kumwambia mtu ambaye hayupo kwamba ni mvivu. Ila amehamia kwenye kiti cha baba. Amevaa koti lile zito, mikono inamzidi hadi vidoleni.

Juzi mvua ilikuwa kali, nikaona mabega yake yanatetemeka. Nilisogeza kigoda karibu na moto.

"Maman, kuja huku. Hapo mupepo inakupiga."

Hakuinuka. Alivuta kola ya koti hadi masikioni.

"Nikitoka hapa," alisema, "itakupiga weye."